Dengelua Kwenye Chanzo

1

Mjusi alitoka ndani ya bomba kinyumenyume, baada ya kukwama mara tatu, na alipofika mikononi mwa fundi wangu Nandonde alikuwa ananuka pombe.

"Bosi," fundi akasema, "hebu njoo unuse."

Sikutaka kunusa. Nilikuwa nimekaa juu ya mfuniko wa chemba namba nne, magoti yakiniuma kwa kile kilima, na hata pale nilipokaa harufu ilikuwa imeshanifikia. Lakini ukiwa meneja wa mamlaka ya maji yenye wafanyakazi wawili, na mmoja wao ni wewe mwenyewe, huna wa kumtuma akakunusie. Nikainuka, nikasogea, nikanusa. Dengelua. Pombe ya miwa, ya kwetu kabisa.

Nandonde alimfuta Mjusi tope kwa pindo la shati. Ni kimashine cha kukagulia mabomba, urefu wa mkono, miguu sita na jicho moja la kamera. Zamani tulikuwa nao wanne. Huyu aliyebaki ana mguu mmoja wa waya ambao Nandonde aliutengeneza mwenyewe, na huchechemea kama mimi.

"Tazama," akanionyesha kishikwambi.

Utando ukiwa na afya huwa mwembamba, kama ule unaotanda juu ya maziwa yaliyopoa. Ni kitu hai. Unashika ukuta wa ndani wa bomba, unajiziba wenyewe penye ufa, na unanyonya floraidi kutoka kwenye maji yetu kabla haijafika kwenye kinywa cha mtoto. Huu niliouona kwenye kioo ulikuwa mnene kama godoro. Bomba kuu la inchi sita lilibakiwa na tundu la kupitisha kidole gumba, na maji yalikuwa yanajipenyeza humo kwa shida.

"Umenenepa hivi kilomita zote sita, toka chanzoni mpaka hapa," Nandonde alisema. "Ndiyo maana Mabondeni, kule mwisho wa bomba, hawapati kitu. Siku kumi na moja sasa. Na miezi mitatu ijayo, bosi, itakuwa mji mzima."

"Naona."

"Mimi ninachojiuliza ni pombe. Imeingiaje humu?"

Nandonde ni mtu wa Nachingwea. Ana miaka miwili tu hapa Mhezeni, na kuna shughuli za ukoo ambazo mgeni hafikishwi. Nikamtazama yule fundi mzuri, mwenye matope mpaka kwenye kope, na nikamwambia sijui.

2

Nilimkuta kaka yangu Eliamani shambani, akifunga miwa iliyolazwa na upepo. Ana miaka sabini na moja, na bado anafunga mashina kwa fundo ambalo mimi sikuwahi kuliweza. Yeye ndiye mwenye chanzo. Kisheria chanzo ni cha mamlaka, yaani changu, lakini waulize watu wa Juu, mtaa wetu wa kilimani, watakwambia.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Mbona umepanda mpaka huku na magoti yako hayo?"

"Bomba limeziba. Limezibwa na dengelua."

Aliendelea kufunga. Alifunga mashina mawili mengine kabla ya kunijibu.

"Dengelua ni maji tu, Nanzia. Maji ya muwa."

"Maji ya muwa yana sukari. Utando haujui heshima, kaka, unajua kula. Mmeulisha miaka tisa."

"Tumeulisha?" Sasa alinigeukia. "Sisi peke yetu?"

Alikuwa na haki ya kuuliza. Miaka tisa iliyopita wataalamu walikuja na utando kwenye mapipa ya barafu, na wazee wa Juu wakakataa katakata. Walisema kitu kinachopumua hakiwezi kulazwa ndani ya maji yao bila adabu. Mimi ndiye niliyekwenda nyumba kwa nyumba kubembeleza. Wakakubali kwa sharti moja: ile siku ya Machi, tunapofungua ndiva, lile bwawa la mababu ambamo bomba letu linaanzia, kibuyu cha dengelua kiendelee kumwagwa kama zamani. Kibuyu kimoja. Wataalamu walikuwa wameniachia kitabu, na ukurasa wa kwanza ulisema kwa herufi kubwa kwamba utando usipewe kitu chochote kitamu. Nilikisoma. Kisha nikakifunga, nikawaambia wazee sawa.

Kibuyu kimoja kisingetuua. Lakini watu wetu unawajua. Mwaka wa pili nyumba ya kina Mgonja ilileta chake, isionekane haina shukrani. Mwaka wa tatu wakaja wengine. Wakaanza kushindana, na mshindani hachoki mapema.

"Machi hii vilikuwa vibuyu vingapi?" nikamuuliza.

"Tuliacha vibuyu siku nyingi. Madumu." Alikuna kidevu. "Kama themanini hivi. Mwaka ulikuwa mzuri."

Nikakaa chini kwenye majani makavu ya miwa. Nilijisikia mchovu wa ule uchovu ambao usingizi hauuwezi. Mimi nilikuwa pale Machi, nimesimama na kanga yangu mpya, nikipiga vigelegele kila dumu lilipoinamishwa.

"Usiseme," Eliamani aliniambia, na sauti yake ilikuwa ya upole, ndiyo iliyoniumiza. "Rekebisha kimyakimya. Ukisema, watatunyang'anya chanzo, na babu zetu ndio waliolichimba lile bwawa kwa mikono. Na wewe umebakiza miezi minane ustaafu. Utatoka na jina gani?"

3

Nandonde hakulala kwa siku nne. Alipokuja ofisini alikuwa na mchoro nyuma ya karatasi ya kalenda.

"Dawa ipo," akasema. "Ila ni chungu."

Bomba kuu lisafishwe kwa klorini kali, utando wote mnene ufe, ukwanguliwe. Kisha lipandwe upya. Hapo ndipo palipokuwa na kazi, kwa sababu mbegu hazinunuliki tena. Kampuni iliyoutengeneza ule utando ilifunga milango mwaka wa tano, na barua zangu hurudi na mhuri tu. Mbegu ni lazima itoke ndani ya mtandao wetu wenyewe, kwenye bomba ambalo utando wake haujaharibika.

"Lipo moja tu," Nandonde alisema, akaweka kidole mwisho wa mchoro. "Mabondeni. Wako mbali mno, sukari ilikuwa inaisha njiani. Utando wao ni mwembamba, msafi, raha kuutazama. Tukilifukua lile bomba lao lote, mita mia tatu, tukalikata vipande vya mita moja moja, tukaviunga kwenye bomba kuu kila baada ya mita ishirini, vitaoteana. Wiki sita Juu wanapata maji safi."

"Na Mabondeni?"

"Ndiyo uchungu wenyewe. Hawatakuwa na bomba."

"Tuwawekee la plastiki, tupu."

Alitikisa kichwa. Utando mchanga ukiunganishwa na bomba tupu huukimbilia ule uwazi, unajinyoosha mpaka unachanika, na hapo unakuwa umepoteza mabomba yote mawili. Ni lazima mwisho ule uzibwe mpaka utando ukomae. Miezi kumi na minne. Gari la maji la mamlaka limekaa juu ya mawe mwaka wa nne huu, na hata lingekuwa zima, njia ya kwenda Mabondeni ni ya miguu, dakika arobaini kushuka na zaidi ya saa moja kupanda ukiwa na ndoo.

"Na tusipofanya?"

"Utando wa Mabondeni ukikaa mwezi bila maji unakauka. Zimebaki siku kumi na tano. Ukikauka, hatuna mbegu. Tunarudi kwenye maji ya zamani. Mji mzima, na moja kwa moja."

Maji ya zamani, yale ya floraidi, niliyajua. Nimeyabeba mdomoni. Watu wa hapa waliozaliwa kabla ya utando tunatambulikana tukicheka, meno yetu ya kahawia, na wengi wetu miguu ilipinda tungali tunatambaa. Watoto wa miaka tisa kushuka chini wana meno meupe na wanakimbia. Ukikaa nje ya shule wakati wa mapumziko unaiona hesabu ya kazi yangu yote, na ni hesabu pekee ambayo huwa sichoki kuitazama.

"Nitakwenda kuongea na Bibi Nakijwa," nikasema.

Nandonde alikunja mchoro wake polepole. "Bosi, jana nilipanda chanzoni. Kuna madumu matupu themanini na mawili yamepangwa nyuma ya kibanda." Akanitazama, akaacha kunitazama. "Mimi si mwenyeji. Sikuulizi."

4

Bibi Nakijwa ndiye mwangalizi wa kioski cha maji cha Mabondeni tangu kijengwe. Nilimkuta amekaa mbele yake vilevile, bomba kavu, ufunguo umening'inia shingoni, kana kwamba maji yangeweza kutokea ghafla na yeye asiwepo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Nanzia. Leo meneja mwenyewe! Kaa, kaa. Tumia kigoda hicho, hicho kingine kina mguu wa kuazima."

Wajukuu zake wawili walikuwa wanagombania kopo mlangoni. Mmoja alikuwa anabadilisha meno. Lile jipya la mbele lilikuwa limechomoza nusu, jeupe.

Aliniletea uji. Nilijua maji ya uji ule yametoka Juu, watu wameyapandia kilima na kushuka nayo, na nilijua siwezi kuukataa. Nikaunywa. Kisha nikamweleza yote aliyoniambia Nandonde: mbegu, vipande, wiki sita za Juu, miezi kumi na minne ya kwao. Nilimweleza vizuri. Nimefanya kazi hii miaka thelathini na moja, najua kueleza.

Alihesabu kwa midomo.

"Kwa hiyo sisi tutakuwa wa mwisho."

"Ndiyo, mama."

"Kuwa wa mwisho tumezoea." Akacheka, meno ya kahawia kama yangu. "Na tukikataa, hawa nao watakuwa na meno haya."

"Hawa na wa Juu. Wote."

"Basi kuna cha kujadili? Miguu tunayo, tutapanda. Nitaongea na watu wangu, nitapuliza pembe. Tutalichimba wenyewe bomba letu, nyinyi mko wawili tu, mtamaliza lini?" Akaninyang'anya bakuli tupu. "Ila niambie. Ugonjwa huu wa bomba ulitokana na nini?"

Ndege alikuwa anadonoa kwenye beseni kavu chini ya koki.

"Wataalamu bado wanachunguza," nikasema.

"Wataalamu ni nani?"

"Ni mimi na Nandonde."

Akacheka tena, akanipiga begani. "Haya, mchunguze. Mungu awape nguvu, mnahangaika peke yenu."

Nilipanda kile kilima nikisimama kila baada ya hatua ishirini. Mabondeni walikuwa wamenikubalia kila kitu na sikuwa nimewaomba hata msamaha. Mambo yalikuwa yamekwenda kama Eliamani alivyotaka, kimyakimya, na nilijidharau kuliko siku yoyote ninayoikumbuka.

5

Msaragambo ni kazi ya wote. Pembe ikipulizwa, kila nyumba hutoa mtu na jembe lake, na hakuna anayeuliza faida yake. Siku ya Jumamosi pembe ilipulizwa Mabondeni kabla jua halijapanda, na nyumba zote sitini zilitoa watu. Nyumba nyingine zilitoa watatu. Nandonde alikuwa ameshapiga vigingi vya kuonyesha bomba linapopita. Akina mama walikuwa wametandaza majani ya migomba pembeni ya kulaza vipande, visipate joto.

Bibi Nakijwa akaomba kimya, akasali. Aliombea majembe, akaombea mbegu ishike. Kisha akasema, "Na uwabariki hawa wawili, Nanzia na huyu kijana wa watu, ambao hawakulala kwa ajili yetu."

Watu wakasema amina. Majembe yakainuka.

"Ngojeni," nikasema.

Sikuwa nimepanga. Laiti ningekuwa nimepanga, ningesema vizuri zaidi. Nikasema tu, kwa sauti ambayo hata mimi sikuipenda, kwamba bomba liliuawa na dengelua. Kwamba ukoo wangu tuliimwaga chanzoni kila Machi, na watu wa Juu wote wakaiga, na Machi hii yalikuwa madumu themanini na mawili. Kwamba kitabu kilikataza na mimi nilikisoma.

Majembe yalishuka moja moja. Mtu mmoja aliguna. Kijana mmoja anayeitwa Kiure akatupa jembe lake chini kwa kishindo.

"Yaani sisi tunakaa na kiu wiki tatu, wao wanalewesha bwawa! Halafu tuwape na bomba? Tuondokeni! Wakanywe hiyo pombe yao!"

"Kiure, okota jembe," Bibi Nakijwa alisema bila kumtazama. Alikuwa ananitazama mimi. "Ulijua lini?"

"Siku Mjusi alipo—" Nikaacha. "Tangu mwaka wa kwanza nilijua haifai. Nilijifanya sijui."

"Na juzi, ulipokaa kwenye kigoda changu?"

"Nilijua."

"Nikakuuliza."

"Uliniuliza, mama."

"Na nikakupa uji."

"Ulinipa."

Alitikisa kichwa taratibu. Nilitamani afoke. Kufokewa nimezoea, kumo kwenye kazi yangu.

"Unajua," akasema, na sasa aliwageukia watu wake, "kila Machi maji yetu yalikuwa yanakuja na kaharufu. Mnakumbuka? Watoto walikuwa wanasema maji yamekunywa. Mimi nikawaambia hao ni watu wa Juu, wamefungua ndiva, na sisi wametukumbuka kwa fungu letu. Nikawa nanawa uso kwa yale maji, kwa heshima."

Nandonde alikuwa ameinamia vigingi vyake kana kwamba vinahitaji kuhesabiwa upya. Mimi nililia. Siandiki hivyo kujitetea, nasema tu kwamba nililia, mtu mzima wa miaka hamsini na tisa, mbele ya nyumba sitini.

"Bomba litachimbwa," Bibi Nakijwa alisema mwishowe. "Sitaharibu meno ya wajukuu zangu kwa hasira. Ila kupanda, hatupandi. Juu kuna nyumba ngapi?"

"Mia mbili na arobaini," nikajibu.

"Sisi sitini. Basi kila siku nyumba sitini za Juu zitashusha ndoo moja moja, ya lita ishirini, maji safi, mpaka kwenye kioski changu. Kila nyumba zamu yake siku ya nne. Si kwa punda, si kwa kibarua. Wabebe wenyewe waliomwaga. Miezi kumi na minne." Akachukua jembe la Kiure, akampa mkononi. "Huo nao ni msaragambo. Kawaambie wapulize pembe yao."

6

Niliwaambia. Mkutano wa Juu ulichukua mchana mzima na sitaki kuukumbuka. Waliniita msaliti, wakaniita mtoto wa nje, mmoja akataka nijiuzulu papo hapo, nikamwambia achukue funguo za chemba, akakaa. Mwishowe walikubali, nadhani kwa sababu Nandonde aliwaonyesha picha za Mjusi na kuwaambia kwamba mbegu imebakiza siku tisa. Eliamani aliondoka kabla ya kura, na hakunijibu salamu kwa wiki sita, ambazo ndizo tulizotumia kufukua, kukwangua, kukata, kuunga na kungoja mbegu ishike. Vipande mia tatu. Vilishika vyote isipokuwa kumi na saba.

Siku ya kwanza ya zamu nyumba yangu ilikuwamo. Nilishuka na ndoo kichwani, nikisimama, nikitua, nikijitwisha tena kwa msaada wa wapitanjia. Kwenye kioski Bibi Nakijwa alikuwa na kijiti cha kupimia. Alikitumbukiza, akakitoa, akakitazama.

"Imepungua vidole vinne."

"Njia ni mbaya, mama."

"Njia naijua." Akaimimina kwenye pipa. "Siku ya nne utaleta na hivyo vinne."

Hakunipa kigoda. Nikapumzika kwa kuegemea ukuta, kisha nikaanza kupanda na ndoo yangu tupu. Wenzangu wa Juu walikuwa wanateremka mmoja mmoja, wameloa mabega, wengine wakitukana kwa sauti ya chini, na kila aliyenipita aliniangalia kwa jicho baya. Nikawa nawapisha.

Kwenye kona ya tatu nilimkuta kaka yangu amekaa juu ya jiwe. Ndoo ilikuwa kati ya miguu yake, imebaki nusu. Alikuwa ameloa kuanzia shingoni mpaka kwenye viatu. Nyumba yake ina vijana wanne wenye nguvu. Hakumtuma hata mmoja.

Nilisimama mbele yake. Sikujua kama atanijibu, kwa hiyo sikumwamkia. Alitazama njia inayoteremka, mpaka inapopotea kwenye migomba, na nikagundua kwamba katika miaka yote hiyo ya kufungua maji pale juu, kaka yangu hakuwahi kushuka mpaka yanakofika.

"Nimekaribia?" akaniuliza.

"Hujafika nusu."

Akaitazama ile ndoo yake. Akafuta uso kwa kiganja. Kisha akainuka, akageuka, akaanza kupanda tena na ile nusu ndoo, kuelekea Juu, kwenda kuijaza.